Kuvuka jangwa la Chalbi kwa gari kutoka Dar, nani amewahi? Naombeni ushauri

Mtoto wa Mbagala aliandika:

Habari zenu wakuu, na shikamooni mlionizidi umri. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kupita kaskazini ya Kenya na gari yake, namaanisha kule juu kabisa, Marsabit, Chalbi, halafu mpaka Loiyangalani pale ziwa Turkana.

Kisa chenyewe ni hiki. Marehemu mzee wangu alikuwa dereva wa malori, kuna miaka alikuwa anapakia mahindi Mombasa anapeleka mpaka Moyale, na sisi tukiwa wadogo jioni anatuhadithia ile njia, kwamba ukishatoka Isiolo lami imekwisha, malori yanasubiriana yaende kwa msafara na askari wenye bunduki wamekaa juu ya mzigo, na kwamba kuna sehemu ukiangalia mbele unaona ziwa kubwa linameremeta, miti imesimama ndani ya maji, unaendesha saa nzima hulifikii kwa sababu halipo. Tulikuwa tunajua anatutania. Amefariki mwaka jana na tangu tumzike hii kitu haijanitoka kichwani, nataka nikaone kwa macho yangu alichokuwa anakiona yeye.

Tuko wanne, mimi, mke wangu, mdogo wangu wa kiume na mkewe. Gari ni Prado ya dizeli ya 2004, sijawahi kuitoa nje ya nchi, mbali zaidi nimefika nayo Songea. Likizo zetu zinakutana mwisho wa Desemba mpaka katikati ya Januari. Nimepiga hesabu Dar mpaka Marsabit mjini ni karibu kilomita 1,500, Chalinze, Segera, Same, Arusha, Namanga, Nairobi, Isiolo, na naambiwa saivi ni lami mwanzo mwisho. Hiyo hainitishi. Kinachonitisha ni baada ya hapo.

Sasa gari moja inatosha au lazima ziwe mbili? Maji tubebe kiasi gani? Ramani za kwenye simu zinafanya kazi kule? Na je unaweza kukatisha Chalbi katikati moja kwa moja, maana nimeona video watu wanakimbiza magari mle kama wako uwanja wa ndege. Mke wangu anataka jibu la hili la mwisho kabla hajakubali kuondoka nyumbani.

Dereva wa Ubungo alijibu:

Pole sana mdogo wangu kwa msiba, Mungu amlaze mzee mahali pema. Na hakuwatania. Ile inaitwa mazigazi, hewa iliyo jirani na ardhi inachemka mno kuliko ya juu yake, mwanga unaotoka angani unapinda, kwa hiyo jicho linaona kipande cha mbingu kimelala chini na akili inasema haya ni maji. Na ile miti aliyowaambia ni mawe au vichaka vilivyo mbali, vinavutwa kwenda juu vinaonekana virefu. Nimeendesha watu njia hizo miaka kumi na moja, Chalbi nimeingia mara sita, na mpaka mara ya sita bado nilikuwa nashtuka.

Tarehe zako ndizo zinanipa wasiwasi kuliko gari. Vuli kule inapiga Oktoba mpaka Desemba. Sio mvua nyingi, lakini Chalbi ni bakuli, zamani sana maelfu ya miaka huko nyuma lilikuwa ziwa kweli, sasa maji yakishuka kutoka mlima Marsabit na vilima vya Huri na upande wa mlima Kulal yanakuja kukaa hapo hayana pa kutokea, yanangoja jua liyakaushe. Na jua linaanza juu. Unakuta uso wote mweupe kwa chumvi, umepasuka pasuka vizuri, unasema hapa hata basi linapita, kumbe ni ukoko tu, juu umekauka na chini ni uji. Mwaka ambao mvua imekuwa nzuri ule uji unaweza kukaa wiki na wiki baada ya mvua ya mwisho.

Mara ya tatu nilipoingia tulikuwa na magari mawili na kijana mwenyeji amekaa mbele kwangu. Alama za magari waliotangulia zilikuwa zinaonekana, tunazifuata. Gari la nyuma dereva wake akaona ngamia pembeni, akatoka kwenye alama kama hatua thelathini hivi ili mgeni wake apige picha. Sikusikia kishindo wala nini, nikaangalia kioo nikaona gari imekuwa fupi. Imekaa kwa tumbo, milango haifunguki. Hiyo ilikuwa saa tano asubuhi, tumeitoa jua linazama, tumechimba kwa sepetu na kwa sufuria, tope lake linanata kama gundi, ukinyanyua sepetu linarudi nalo lote. Bila gari langu kuvuta kutokea pagumu ile gari ingekuwepo pale mpaka leo. Kwa hiyo swali lako la gari moja au mbili jibu ndio hilo. Mbili. Kama huna la pili usitoke Marsabit kwenda magharibi, bora ubaki kwenye lami.

Hao wa kwenye video siwezi kuwajua walienda mwezi gani na nani aliwapitishia njia. Yule kijana wetu kila tukifika sehemu inabadilika rangi alikuwa anashuka, anatembea mbele, anapiga kisigino chini, anasikiliza. Pakiitika pakavu tunapita, pakinyamaza tunazunguka. Hicho hakipo kwenye ramani ya simu. Ramani pakua kabla hujatoka Nairobi maana mtandao unapatikana mijini tu na ukishatoka mji umekatika, na pia ujue ile ramani inakuonyesha njia waliyopita watu zamani, haijui jana kumenyesha.

Gari yenyewe haina shida, Prado ya dizeli ikiwa mzima inaenda, japo Landkruza mkonga ndio gari ya kule. Pitia fundi umwambie asikuangalizie injini peke yake, aangalie mipira ya rejeta, feni, betri, bushi zote, na ubadilishe filta ya hewa ubebe na nyingine. Spea taya mbili, sio moja. Kule kuna mawe meusi ya volkano yana ncha kama chupa iliyovunjika, yanachana ubavu wa tairi na ubavu hauzibiki. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi mpaka psi 20 hivi gari ielee, ila ukifika kwenye mawe ujaze tena, watu wengi wanasahau kujaza ndio wanachaniwa. Kwa hiyo pampu ya kuchomeka kwenye betri ni lazima. Na bebeni kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki, bila hicho jeki inadidimia mchangani yenyewe na gari imekaa vile vile, nimeona mtu analia kwa kukosa ubao wa futi moja. Mafuta jaza Marsabit tangi lote na madumu, mbele yatapatikana kwenye vidumu kwa bei ya mwenye duka na huna wa kumlaumu. Mchanga unakunywa mafuta, hesabu unayoijua ya lami iongeze nusu.

Usiendeshe usiku hata kidogo. Na pale Marsabit pitia polisi uulize hali ya njia siku hiyo hiyo. Kuna vipindi jamii zinagombana kwa ajili ya mifugo na malisho, 2022 serikali iliweka hadi amri ya kutotoka usiku pale, mambo yanatulia na yanabadilika, wenyeji ndio wanajua ya wiki hii.

Bima usisahau, kata ile kadi ya njano ya COMESA hapa hapa Dar kabla hujaondoka, na kadi za chanjo ya homa ya manjano zote nne ziwe kwenye mkoba pamoja na pasipoti.

Nesi Temeke alijibu:

Mkuu hapo juu amemaliza ya gari mimi niongee ya mwili, maana mimi ni nesi na nilikaa miezi mitatu upande wa pili wa hilo ziwa tukitoa huduma za kliniki vijijini.

Sisi watu wa Dar tunajidai tumezoea joto. Joto letu la hapa lina unyevu, ukitoka jasho shati linaloa, unajiona umechoka, unatafuta kivuli na soda. Kule hewa ni kavu na upepo hausimami, jasho linakauka kabla hujaliona. Unajishika mkono mkavu unasema mbona niko sawa. Mimi nilikuja kugundua jioni, nimevua gauni la kazi nikakuta mistari myeupe ya chumvi mgongoni na kwenye kola, kama ramani, yaani siku nzima nilikuwa natiririka na sijui. Kiu yenyewe inachelewa kuja, ikija umeshapungukiwa.

Kwa hiyo maji msinywe kwa kiu, mnywe kwa saa. Lita tano kwa kila mtu kwa siku kwa kunywa peke yake, ya kupikia na kunawa ni mengine, halafu mkishapata jumla ya siku zenu mongeze akiba ya siku mbili au tatu za kukwama. Na yasiwe kwenye pipa moja, pipa likipasuka kwenye mawe yamekwisha yote, gaweni kwenye madumu ya lita ishirini ishirini na mgawanye kwenye magari yote mawili. Bebeni pakiti za ORS za kutosha, maji matupu mengi bila chumvi nayo yanaleta kichwa kuuma na udhaifu. Angalieni mkojo, ukiwa wa rangi ya chai ya rangi mtu huyo apumzike kivulini anywe taratibu kidogo kidogo.

Ila kitu ninachoomba mshike kuliko vyote ni hiki. Mtu akianza kuongea visivyoeleweka, au anayumba, au mpole ghafla anakuwa mkali, na ukimgusa ngozi ni ya moto sana, hapo sio uchovu, hapo ni ubongo unaungua na kila dakika ina kazi. Msimsubirishe wala msimlazimishe kunywa akiwa hajitambui, atapaliwa. Kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima na mumpepee kwa nguvu bila kuacha, na mtumie hayo hayo maji ya kunywa, msiyaonee huruma, huku mwingine anatafuta njia ya kufika zahanati. Tulimpokea kijana wa umri wa miaka kama ishirini na mbili, mgeni, wenzake walidhani amelewa wakamlaza ndani ya gari lililofungwa vioo. Alipona lakini ilibaki kidogo sana.

Mavazi mikono mirefu, nguo nyepesi pana, kina mama khanga na mitandio ndio yenyewe, wanaume nao wafunge kichwa. Na mke wa mdogo wako kama ana ujauzito hata mchanga namna gani mwambie asubiri safari nyingine.

Kaka Mwenge alijibu:

Kwa nini usijaribu kwanza hapa hapa nyumbani? Kabla ya kwenda kwa watu mpeleke huyo Prado ziwa Natron. Kutoka Mto wa Mbu mpaka Engare Sero ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi, mawe na makorongo, joto lipo, kivuli hakuna, na ule ukoko wa magadi pembeni ya ziwa utakufundisha alichosema mzee wa Ubungo ukiwa unatazama kwa miguu tu, usiukanyage na gari. Mkilala siku mbili pale chini ya mlima Ol Doinyo Lengai mtajua gari inavuja wapi, nani kati yenu anakasirika akichoka, na maji mnakunywa kiasi gani kweli. Sisi tulifanya hivyo kabla ya safari ndefu na tukagundua dumu letu moja linatoa harufu ya mafuta ya taa, ingekuwa mbali tungefanyaje.

Bi Fatma wa Kigamboni alijibu:

Nimesoma yote mazuri sana. Mimi nilienda Februari 2023 na mume wangu na marafiki, magari mawili, tukashika Marsabit, Maikona, Kalacha, North Horr, tukateremka mpaka Loiyangalani, tukarudia barabara ya kwenye mitambo ya upepo kutokea Laisamis. Nataka kuongezea jambo moja ambalo nikiona watu wanaongelea jangwa silioni, wanaongea kama vile kule hakuna mtu. Kule kuna watu wenyewe. Wagabra, Warendille, Wasamburu, Waturkana, na Waelmolo wavuvi pale ziwani. Kila kisima unachokiona kina wenyewe na kila siku ya kisima ina zamu yake.

Tulijifunza kwa aibu. Ule mwaka mvua zilikuwa zimegoma misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020, njiani tunapishana na mizoga ya ng'ombe na mbuzi imekauka ngozi imeshika mifupa, hata ngamia ambaye ni wa kustahimili. Tulikuwa na kampuni ya kututembeza, siitaji jina, ilitupa dereva ambaye sio mwenyeji wa kule na akatuambia hahitaji mtu wa kumwongoza. Jioni moja tumechoka tukaona kisima na mikoma michache, tukafurahi, tukapiga mahema hatua kama arobaini kutoka pale, tukawasha taa na jenereta ndogo. Sisi tunaona tumepata mahali pazuri.

Saa nne usiku akaja mzee na vijana wawili na tochi. Hakupaza sauti. Alikaa chini akasalimia, akauliza habari za safari, habari za tulikotoka, za watoto, mvua kwetu zipo? Dakika kumi nzima ni salamu, mume wangu anajibu. Ndipo akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mama, ngamia wetu wako pale gizani. Wametembea siku mbili kuja hapa. Wanaogopa nyumba zenu." Tukazima taa. Macho yalipozoea giza ndio tukawaona, kundi zima limesimama mbali halisogei, halitoi hata mlio, shingo zimenyooka kuelekea majini. Ilikuwa zamu yao usiku ule na walikuwa hawajanywa siku ya nane.

Jamani nilisikia moyo umeporomoka. Tulifumua mahema saa ile ile kwa mwanga wa simu, tukahamia mbali kama kilomita nzima. Na mpaka leo nikifikiria kwamba kama yule mzee angekuwa mtu wa hasira, au angeona haya kutusemesha, wale wanyama wangegeuka wakapoteza zamu yao kwa sababu ya hema la wageni.

Alfajiri tukarudi kwa miguu kuomba radhi. Vijana walikuwa ndani ya kisima, wamesimama ngazi kwa ngazi mmoja juu ya mwingine, ndoo inapanda mkono kwa mkono huku wanaimba, na ule wimbo ndio unaowapa mpigo, akikosea mmoja ndoo inamwagika. Wa juu anamimina kwenye hori la udongo, ngamia wanaitwa wachache wachache, hawasukumani. Sikupiga picha, nilisimama tu. Mzee akatukaribisha kwake, mkewe akatukaangia kahawa, lakini sio kama yetu, buni nzima na maganda yake kwenye samli mpaka zinapasuka, unapewa unatafuna, na ile samli watu wanajipaka mikononi na usoni. Na maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, maana vile vyombo vyao wanavifukiza.

Kwa hiyo mwanangu, chukua mwenyeji. Sio kwa ajili ya njia peke yake. Umpate Marsabit, na ukiwa unaelekea kwa Wagabra awe Mgabra, ukiwa unaelekea kwa Wasamburu awe wa huko, maana yeye ndiye anajua hiki kisima leo ni cha nani, wapi mtalala bila kumzuia mtu, mtoto gani anaruhusiwa kupigwa picha na nani wa kuombwa. Maji ya kwenu mbebe yote kutoka mjini, ya kisima msiyategemee kabisa, mkizidiwa mkaomba mtapewa kwa sababu hawamnyimi mtu maji, na hiyo ndiyo sababu ya kutoomba bila shida.

Mtoto wa Mbagala aliandika:

Asanteni sana, sijui nianzie wapi. Bi Fatma mke wangu amesoma jibu lako mara mbili, na mama yangu tumemsomea kwa sauti, akasema hizo nyimbo za kisimani mzee aliwahi kumwimbia kidogo, sisi hatukuwahi kujua.

Tumekaa kikao jana. Desemba ya Chalbi tumeiacha. Tunaomba likizo upya Februari, na jirani yetu mwenye Landkruza mkonga amekubali kuja na mkewe kwa hiyo magari yatakuwa mawili na watu sita. Natron tutaenda kwanza. Mke wa mdogo wangu yuko salama Nesi, tumemuuliza.

Nina mawili yamebaki. Mwenyeji analipwaje, na tubebe nini mkononi kwa ajili ya wazee? Na la pili, gari zote mbili zikigoma kweli mahali hakuna mtandao, tufanye nini, mdogo wangu anasema yeye ni mwepesi wa kutembea ataenda kutafuta msaada.

Dereva wa Ubungo alijibu:

Mwambie mdogo wako akae. Gari linaonekana kutoka mbali, mtu haonekani. Gari lina kivuli, lina maji, lina kioo cha kumulikia jua, na mkichoma tairi la zamani moshi mweusi unaonekana mbali sana. Mtu anayetembea mchana anakunywa maji mara mbili ya aliyekaa, na kule akiona ziwa linameremeta atalifuata. Siku ya kuondoka Marsabit muachie mwenye nyumba ya wageni na polisi karatasi, mnapita wapi, mnalala wapi, siku gani mkiwa hamjapiga simu watafute. Na mkibadilisha njia mpige kabla mtandao haujakatika. Ukiweza kukodi simu ya setilaiti Nairobi kodi, ni pesa lakini watu sita ni watu sita.

Ukirudi uoshe uvungu wa gari vizuri na maji baridi mengi, ile chumvi inakula bodi kimya kimya.

Bi Fatma wa Kigamboni alijibu:

Mwenyeji mnapatana naye kwa siku kabla ya kupanda gari, chakula na malazi juu yenu, na mpange kabisa na pesa ya kumrudisha kwao mkimaliza upande wa pili, sisi hilo tulisahau tukamwachia kijana wa watu safari ya siku mbili kwenye malori. M-Pesa ya Kenya inakubali mijini lakini bebeni na shilingi taslimu ndogo ndogo. Kwa wazee sukari na majani ya chai, mfuko mmoja mmoja, na unampa yule mwenyeji awakabidhi kwa utaratibu wao. Pipi kwa watoto msigawe barabarani, wanakimbilia magari.

Na Loiyangalani mkifunga hema mfunge kwa mawe, vigingi havitoshi. Upepo wa pale unatoka Kulal usiku unashuka kama lori, ndio maana wameweka mitambo 365 ya umeme wa upepo kule juu.

Dereva wa Ubungo alijibu:

Nimerudi kwa ajili ya jambo moja, maana lile la mzee wako nimelala nalo.

Kama lengo ni kuona alichokiona yeye, hilo hata Desemba unaweza na Prado yako peke yake, huhitaji kuingia Chalbi. Malori ya Moyale hayakuwa yanapita Chalbi. Yalikuwa yanatoka Marsabit yanashuka kaskazini kwenye uwanda wa Dida Galgalu kuelekea Turbi, na leo hapo ni lami nzuri. Toka Marsabit saa nne asubuhi, kule juu mlimani kuna msitu na ukungu na baridi mtavaa masweta, halafu barabara inateremka, miti inaisha, yanabaki mawe meusi mpaka macho yanapochoka. Endesha taratibu, ikifika saa sita mchana tafuta sehemu pana utoke barabarani, zima injini, mshuke wote. Utazame mbele barabara inapoingia kwenye mbingu na kushoto upande wa Chalbi. Lile ziwa litakuja lenyewe. Ukiinama litapanda, ukisimama litashuka, hivyo inama kidogo ulione vizuri, ingawa yeye alikuwa analitazama kutoka juu kwenye kiti cha lori la zamani.

Mama kama ana nguvu za safari mpeleke na yeye.